Abiria wa Kiti cha Kumi na Saba

Mzee Khoát alijiandikisha kwa safari yetu ya milima ya Hà Giang miaka mitatu baada ya kufariki. Mkewe, Bibi Mận, alimlipia nauli kamili, akamchagulia kiti cha dirishani, kisha akaniletea picha mbili ndogo kama fomu ilivyodai. Nilimuuliza kama mumewe alikuwa na tatizo lolote la kiafya ambalo kampuni ilipaswa kulijua.

Bibi Mận alifikiri kidogo. "Kwa sasa hana," alisema.

Wakati huo nilikuwa mwongozaji wa watalii katika kampuni ndogo mjini Thái Bình. Mkoa wetu ni tambarare kabisa. Mtu akisimama juu ya kiti, tayari anaona mkoa wa jirani. Nilikuwa katika mwezi wa kumi na moja wa kipindi cha majaribio. Mkurugenzi wangu, Bwana Chước, alikuwa amekiongeza kipindi hicho mara tatu, na kila mara alinipa mkono wa pongezi. Safari hii aliniahidi jambo la wazi zaidi. Chama cha wazee wa kijiji kimoja kingekwenda milimani kwa siku nne. Nikirudi na fomu ya maoni ya kila abiria, zote zikiwa na alama kwenye kisanduku cha "Nimeridhika sana", ningesaini mkataba siku ya Jumatatu. Ikipungua moja, au moja ikiwa na alama kwingine, Jumatatu hiyo nisije kazini.

"Kila jina lililo kwenye orodha, Thoan," alisema. "Usiniletee hadithi."

Alisema hivyo kabla hajaisoma orodha. Alipofika kwenye jina la kumi na saba aliona tarehe ya kifo, ambayo Bibi Mận, kwa uaminifu wake, aliiandika kwenye safu ya maelezo mengine. Bwana Chước aliiweka orodha mezani. Angeweza kukataa. Lakini mlangoni mwa ofisi yetu anakaa mungu wa mali, sakafuni, ndani ya kijisanduku chake chekundu, na Bwana Chước humwashia vijiti vitatu vya udi kila asubuhi kabla hata ya kuwasha simu. Hakuwa tayari kumfukuza mteja aliyelipa mbele ya mungu yule, mteja awe hai au asiwe.

"Nauli imeingia," alisema hatimaye. "Basi ni abiria."

"Na fomu ya maoni?"

"Nimesema kila jina."

Siku moja kabla ya safari nilimtembelea Bibi Mận ili nielewe matakwa ya mteja, kama utaratibu wetu unavyoagiza. Alinimiminia chai mbele ya madhabahu ya nyumbani. Mumewe alikuwa pale juu, ndani ya fremu, amevaa koti aliloongezewa na mpiga picha.

"Huyu alikuwa mtu wa pampu," Bibi alisema. "Miaka arobaini anapeleka maji kwenye mashamba ya ushirika. Akatoka huko na elimu moja tu: ardhi imelala. Habari za milima hazitaki."

"Hazitaki vipi, Bibi?"

"Hasadiki kama ipo. Mimi wakati wa vita nilibeba mchele mgongoni mpaka huko juu, mjukuu wangu. Nimeipanda kwa miguu hii. Nikimweleza, anacheka. Anasema nilikuwa na njaa, nikaona lundo la udongo. Televisheni ikaja, nikamwambia haya, tazama. Akasema televisheni imelazwa kwa ubavu."

"Na mpaka anafariki?"

"Mpaka anafariki. Miaka hamsini na tano tunabishana, halafu anakwenda zake akijua ameshinda." Alimtazama mumewe kama mtu ambaye kikao chake kimeahirishwa tu. "Atakubali. Mimi sina haraka, ila miguu yangu ndiyo ina haraka."

Njia ya kumsikia Mzee ilikuwa ile inayotumiwa na kila nyumba kwetu. Bibi alikuwa na sahani na sarafu mbili za kale, kila moja ikiwa imepakwa chokaa upande mmoja. Unauliza, unarusha, unatazama. Moja nyeupe na moja nyeusi: amekubali. Nyeusi zote mbili: amekataa. Nyeupe zote mbili: anacheka, na hapo muulizaji hana budi kufikiri upya ameuliza nini. Kwa swali moja hurushi zaidi ya mara tatu. Bibi alikuwa amekwisha kumuuliza kuhusu safari, naye alikubali kwa mrusho wa kwanza. Bakuli la udi lingebaki nyumbani, kwa kuwa haliondolewi mahali pake. Picha ndiyo ingesafiri.

Tuliondoka alfajiri: wazee ishirini na saba walio hai, Mzee Khoát, mimi, na dereva wetu Toản. Nilimfunga Mzee mkanda kwenye kiti cha kumi na saba. Toản alinitazama kwenye kioo.

"Huyo hata tukianguka haimhusu," alisema.

"Sheria inasema kila abiria."

Shida ya kwanza ilikuwa kifungua kinywa. Tulisimama kwenye duka la tambi nje ya Hà Nội. Mabakuli yalikuja yakifuka mvuke. Bibi Mận aliweka la kwanza mbele ya fremu, akawasha kijiti cha udi. Wazee wote wakaweka chini vijiti vyao vya kulia. Hakuna aliyewaambia. Ndivyo tulivyolelewa: marehemu akitengewa chakula, walio hai husubiri udi uishe. Kijiti kizima huungua kwa dakika arobaini.

"Jamani, tambi zangu zinavimba," alisema mwenye duka baada ya robo saa.

"Mwambieni mzee afanye haraka," Toản alisema.

"Mwambie wewe, kama ni rika lako," alijibu Mwalimu Điềm.

Mwalimu Điềm alikuwa mwenyekiti wa chama cha wazee, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyependa sana kupiga kura. Alisimama, akatoa hoja kwamba, kwa kuwa walikuwa safarini, kijiti cha udi kivunjwe nusu. Mikono ilinyooshwa, ikahesabiwa, hoja ikapita. Mzee mwenyewe aliulizwa kwa sarafu, akakubali. Bibi Mận alisema kwamba kwenye chakula mumewe hakuwahi kuwa mgumu.

Jioni tulifika mjini Hà Giang. Mpokezi wa hoteli alikuwa kijana nadhifu mwenye daftari kubwa. Alihesabu vitambulisho, kisha akahesabu tena.

"Abiria wa kumi na saba yuko wapi?"

Bibi Mận aliiweka fremu juu ya meza yake. Kijana aliitazama, akanitazama mimi. Nilitazama mmea uliokuwa kwenye kona.

"Kitambulisho chake, Bibi?"

"Kilirudishwa serikalini. Nina hiki." Akatoa cheti cha kifo.

Kijana alikisoma pande zote mbili. "Lakini hiki kinaonyesha kwamba hayupo."

"Kinaonyesha kwamba alikuwapo. Soma juu hapo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji. Mhuri huu hapa."

Alitazama mhuri. Ulikuwa mwekundu, wa duara, na haukuwa na kasoro. Nilimwona akishindwa nao.

"Mmeandikiwa kitanda kimoja," alisema kwa unyonge. "Mna cheti cha ndoa?"

Bibi Mận alikuwa nacho. Kijana aliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, akawapa ufunguo, na kuwatakia mapumziko mema.

Chakula cha jioni kilikuwa uji wa ấu tẩu, ambao ndio sifa ya mji ule. Hupikwa kwa mzizi wenye sumu uliochemshwa tangu asubuhi mpaka sumu ikakata tamaa. Wazee waliyatazama mabakuli yao. Mtu mmoja aliuliza kama mpishi alikuwa na saa.

"Leo tusivunje udi," Mwalimu Điềm alisema. "Mpeni kijiti kizima. Aonje vizuri."

Hapakuwa na haja ya kura. Walisubiri dakika arobaini kamili, macho yote kwenye fremu. Mzee Khoát hakuonyesha badiliko lolote. Basi wakala, wakausifu uji, na wawili wakaongeza.

Siku ya pili tulipanda mpaka Quản Bạ. Pale barabara hupenya kati ya vilele viwili, na watu husimama kutazama bonde. Siku hiyo bonde halikuwapo. Ukungu ulikuwa umekaa kila mahali, mweupe na mzito, kiasi kwamba Toản alishuka kwenda kuhakikisha kama basi limesimama barabarani. Nilifanya kazi yangu. Nilinyoosha mkono na kusema kwamba upande wa kushoto kulikuwa na milima miwili inayofanana kama mapacha. Wazee wote waligeuka kushoto, wakapiga picha.

"Mzuri," alisema mmoja.

"Huo mwingine mzuri zaidi," alisema mwenzake.

Bibi Mận aliinua fremu kuelekea kwenye weupe, akaishikilia hivyo mpaka mikono ikamchoka. Kisha akaweka sahani juu ya ukuta wa mawe. "Umeuona mlima?" aliuliza, akarusha. Nyeupe mbili. Akarusha tena. Nyeupe mbili.

"Anacheka," alisema. "Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akinicheka jikoni."

"Bibi, ukungu utaondoka," nilimwambia.

"Usimwambie hivyo. Atasema nimekulipa."

Siku ya tatu ilikuwa ya Mã Pí Lèng, ambayo ndiyo sababu ya watu kwenda huko. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na chini yake, mbali sana, kuna mto. Tulikaa pale kwa saa tatu. Hatukuuona mto, wala mlima, na kwa muda fulani hatukumwona Mwalimu Điềm, ambaye alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Katika mkahawa wa pembeni, mwenye mkahawa, mwanamke wa kabila la Wahmong wa milima ile, mwenye kilemba cha mistari, alikuwa amejiandaa kwa siku kama hizo. Ukutani alitundika bango lenye upana wa mita tano: picha ya mlima ule ule, iliyopigwa siku ya jua.

Wazee walipanga foleni mbele ya bango. Wanaume walivaa mashati mekundu ya chama. Wanawake walitoa mitandio na kuipeperusha, na mwenye mkahawa akawasaidia kwa feni. Baada ya hapo waliketi, wakanywa pombe ya mahindi, wakajaza fomu zangu. Nilizikusanya moja moja. "Nimeridhika sana." "Nimeridhika sana." Mwalimu Điềm aliongeza kwenye nafasi ya maelezo kwamba mandhari yalizidi matarajio, na kwamba mwanga ulikuwa mzuri.

Ilibaki fomu ya kiti cha kumi na saba.

"Haya, tumsimamishe na yeye mbele ya bango," Mwalimu Điềm alisema. "Na yeye si picha? Picha kwa picha, analalamikia nini?"

Bibi Mận alikubali kujaribu. Fremu iliinuliwa mbele ya bango. Feni iliwashwa. Sarafu zikarushwa. Nyeusi mbili. Mara ya pili, nyeusi mbili. Mara ya tatu moja ilianguka nyeusi, nyingine ilibingirika mpaka chini ya meza, na watu sita waliinama kuitazama. Nyeusi.

"Mkaidi," alisema Mwalimu.

"Si mkaidi, ana haki," Bibi alisema, na nilishangaa kusikia anamtetea. "Televisheni aliikataa. Hii nayo ni televisheni isiyo na umeme."

Toản alinivuta pembeni, karibu na choo. "Nipe zile sarafu dakika mbili," alisema. "Moja tunaipaka chokaa pande zote. Nyingine tunaifuta. Zikianguka vyovyote, moja nyeupe, moja nyeusi. Jumatatu una mkataba, mzee ana mlima, mimi nafika nyumbani kula."

Nilirudi mezani. Bibi alikuwa ameenda kunawa, na sarafu zilikuwa kwenye sahani. Nilizichukua. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nilifikiria miezi kumi na moja. Nilifikiria pia kwamba kumdanganya mteja aliye hai ni sehemu ya mafunzo yetu, iko ukurasa wa sita, lakini kuhusu mteja aliyekufa hatukufundishwa lolote. Nilizirudisha kwenye sahani kama zilivyokuwa.

Bibi Mận alijaza fomu kwa herufi kubwa. Aliweka alama kwenye kisanduku cha mwisho kabisa, ambacho tangu kampuni ianzishwe hakikuwahi kuguswa. Kwenye maelezo aliandika: "Hajaona mlima wowote."

Jumatatu nilikwenda ofisini kurudisha kofia ya njano ya kampuni. Bwana Chước alikuwa ameishika fomu ile kwa ncha za vidole.

"Ningekufukuza sasa hivi," alisema, "lakini kuna kifungu cha nne."

Kifungu cha nne alikitunga mwenyewe, na kilichapishwa kwenye matangazo yetu yote: abiria asiyeridhika atarudishwa safarini bila malipo mpaka aridhike, akiwa na mwongozaji yule yule. Kilikuwa kimevutia wateja wengi. Katika miaka tisa hakuna aliyekitumia, kwa sababu watu walio hai huona haya.

"Kwani lazima?" niliuliza. "Amekufa, Bwana Chước."

"Na wewe ndiye utakwenda kumwambia kwamba kifungu hakimhusu?" Alitazama mlangoni, kule kwenye kijisanduku chekundu, kisha akashusha sauti. "Nitazungumza naye mimi. Mtu mzima kwa mtu mzima."

Aliagiza mlima. Karibu na soko kuna fundi wa vitu vya karatasi, vile ambavyo tunawachomea waliotangulia ili viwafikie huko waliko: nguo, nyumba, farasi, simu za kisasa. Fundi yule alikuwa ametengeneza mpaka jokofu, lakini mlima hakuwahi kuombwa. Alifanya kazi siku tano. Ulikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, mianzi kwa ndani na karatasi ya kijivu kwa nje, miti midogo ubavuni, na mto wa karatasi ya kung'aa chini. Tuliupakia juu ya gari la kampuni na kuupeleka kijijini. Watu walitoka majumbani kuutazama. Wengi wao hawakuwa wameona mlima mkubwa kiasi kile, hata wale tuliokwenda nao Hà Giang.

Bwana Chước alisimama mbele ya madhabahu ya Bibi Mận akiwa amevaa tai. Aliunganisha viganja, akainama mara tatu.

"Mzee Khoát, shikamoo," alisema. "Mimi ni Chước, mtoto wa Chuyên wa mjini, mwenye kampuni. Nasikitika kwa usumbufu uliotokana na hali ya hewa, ambayo haiko chini ya mamlaka yetu. Nimekuletea mlima. Ni wako kabisa, hakuna haja ya kusafiri tena. Naomba uupokee, na lalamiko tulifunge."

Tuliuchoma uani. Uliwaka vizuri sana. Mianzi ilipasuka kama fataki, na bata wa jirani hawakurudi mpaka jioni. Jivu lilipotulia, Bibi Mận alimpa Bwana Chước sarafu. Alizirusha kwa mikono miwili, kwa heshima. Nyeupe mbili.

"Anacheka," alisema Bibi.

"Anacheka kwa furaha?"

"Hapana, baba. Nimeishi naye, navijua vicheko vyake vyote. Anasema, mlima gani huo unaoungua kwa robo saa?"

Alirusha tena. Nyeupe mbili. Alitoa kitambaa, akafuta shingo. Juma lile makundi mawili yalikuwa yamefuta safari, na nilikuwa nimemwona Bwana Chước akimwongezea matunda mungu wa mali. Akauliza swali jingine, haraka, kama mtu anayeogopa jibu: je, Mzee anataka mwongozaji aondolewe kazini? Nyeusi mbili. Je, anataka kurudishwa Hà Giang na mwongozaji huyu huyu? Moja nyeupe, moja nyeusi.

Ndivyo nilivyopata mkataba. Bwana Chước aliuandika jioni ile ile, kurasa tatu. Nilikuwa mwongozaji wa abiria wa kiti cha kumi na saba. Mkataba ulianza siku hiyo, na kifungu cha mwisho kilisema ungekoma siku ambayo abiria angetamka kuwa ameridhika. Mama yangu alichemsha kuku na kuwaalika shangazi zangu wote. Mkataba ulipitishwa mkono kwa mkono, wakausifu mhuri. Hakuna aliyefika ukurasa wa tatu.

Tulirudi Hà Giang mwezi wa tano, kwa gari dogo: Bibi Mận, Mzee, mimi na Toản. Ukungu. Tulirudi mwezi wa nane. Mvua, na kisha ukungu. Mpokezi wa hoteli alizoea. Alimwandika Mzee kama mgeni wa kudumu na kumpa punguzo. Mwenye mkahawa alimwekea kiti chake. Bibi Mận alijifunza kula uji wa ấu tẩu bila kusubiri aonjewe. Kila tulipofika Mã Pí Lèng nilisimama ukingoni na kuitaja milima kwa majina, nikinyoosha mkono huku na huku kwenye weupe, kwa kuwa nililipwa kufanya hivyo. Kila mara sarafu zilikataa. Nami kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na kazi.

Nisifiche: nilianza kuupenda ukungu. Usiku wa kuamkia safari nilisikiliza utabiri wa hali ya hewa, na ukitaja mawingu mazito kaskazini, nililala vizuri.

Safari ya nne ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Tulianza kupanda Mã Pí Lèng kama saa tatu asubuhi. Bibi Mận alikuwa amesinzia kiti cha nyuma. Alikuwa amekohoa njia nzima siku iliyotangulia. Fremu ilikuwa mapajani pangu, uso wa Mzee ukinielekea mimi. Toản akapunguza mwendo.

"Thoan," alisema kwa sauti ndogo. "Tazama kulia."

Ulikuwa pale. Ulianzia chini kabisa, kwenye mto uliokuwa mwembamba kama uzi wa kijani, ukapanda ukalipita dirisha, ukalipita paa la gari, na sikuona ulikoishia mpaka nilipoinama. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na nyuma ya huo kulikuwa na mingine isiyohesabika. Nilikuwa nimefika mahali pale mara nne, na sasa ndiyo kwanza nilikuwa nafika.

"Ukungu uko mbele pale, baada ya kona, unauona?" Toản alisema. "Unakuja huku. Dakika kumi, hakuna kitu tena. Tukienda polepole tu, Bibi ataamka atakuta nyeupe kama kawaida. Tutarudi mwezi wa pili."

"Unanishauri hivyo?"

"Mimi sishauri mtu. Nina mtoto anaanza shule, na gari hili linatembea kwa sababu ya huyo mzee. Naendesha tu."

Nilimtazama Mzee Khoát. Naye alinitazama, ndani ya koti lake la kuongezewa. Mwezi wa pili ungekuwa na mshahara, na wa tatu pia. Yeye hakuwa na haraka yoyote. Angeweza kungoja miaka mia na asipungukiwe kitu. Nyuma yangu Bibi Mận alikohoa usingizini. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

"Simamisha," nilisema.

Toản alisimamisha gari. Nilimwamsha Bibi kwa kumgusa goti. Alifumbua macho, akatazama dirishani, na akashuka bila viatu. Nilimpa fremu. Aliinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, kama mtu anayemwinua mtoto ili aone gwaride, akasimama hivyo ukingoni kwa muda mrefu. Nilienda nyuma yake nikamshika kiuno, maana ukuta ni mfupi mahali pale.

"Haya," hatimaye alimwambia. "Sema sasa."

Aliweka sahani barabarani. Alirusha. Moja nyeupe, moja nyeusi.

Aliziacha zilivyo. Nilimuuliza kama angependa kurusha tena ili kuwa na uhakika.

"Mtu akishakubali kosa, humrudishi aseme tena," alisema. "Hata huyu."

Kisha akaomba fomu. Aliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, na kwenye maelezo aliandika: "Mlima upo." Niliipiga picha fomu nikamtumia Bwana Chước, kwa kuwa lalamiko linatakiwa kufungwa siku ile ile. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mfukoni: "Hongera kwa kazi nzuri. Lalamiko limefungwa, mkataba pia. Gari lirudi likiwa limeoshwa."

Toản aliusoma ujumbe juu ya bega langu. "Angalau amesema hongera," alisema, akaenda kuwasha sigara mbali na Bibi.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye kona. Bibi Mận alikuwa akiifuta fremu kwa mkono wa sweta yake.

"Na ule wa nyuma," aliuliza, "wenye kichwa kama jino lililovunjika. Unaitwaje?"

Nilinyoosha mkono kama nilivyozoea. Kwa miezi tisa nilikuwa nimeitaja milima ile yote bila kukosea, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiona. Sasa ilikuwa imejipanga mbele yangu, na sikujua hata mmoja. Mwongozaji haruhusiwi kusema kwamba hajui. Hilo liko ukurasa wa pili. Lakini sikuwa mwongozaji tena.

"Sijui, Bibi."

"Mwambie yeye. Mimi sikuuliza kwa ajili yangu."

Alinipa fremu. Niliigeuzia kwenye mlima wenye kichwa kama jino, nikamwambia Mzee Khoát kwamba huo sijui unaitwaje, wala ule wa pembeni yake. Tukaendelea kuitazama. Hakulalamika.